Wafu Wanne kwa Kila Maili

Kosa langu la kwanza na fildi ya kukokotoa lilimfanya mzee mmoja wa Biashara Street awe tajiri kwa muda wa dakika kumi hivi.

Nilikuwa nimepata kibarua cha kuingiza mauzo ya duka la leso kwenye kompyuta. Daftari la miezi minane, miandiko ya watu watatu, kurasa nyingine zimelowa mafuta ya mahamri. Nikaandika kila kitu kwenye lahajedwali: tarehe, aina ya leso, bei ya doti, idadi ya doti. Halafu nikatengeneza jedwali la pivoti, kile kidude ndani ya Excel kinachochukua maelfu ya mistari na kuikunja hadi ikatosha ukurasa mmoja. Nilitaka mapato ya kila mwezi. Safu ya mapato haikuwepo kwenye daftari, kwa hivyo nikaunda fildi ya kukokotoa. Unaipa jina, unaandika fomula yako, bei mara idadi, unabonyeza, na jedwali linaota safu mpya ambayo hakuna aliyeiandika.

Ami akavaa miwani, akasogeza kiti.

"Hini yanambia nauza milioni kumi kwa mwezi."

"Ndivyo inavyosema, Ami."

"Haya mwanangu. N'onyesha zilipo."

Hazikuwepo, bila shaka. Ilinichukua usiku mzima kujua kwa nini, na jibu lake ndilo lililonifikisha kwenye reli.

Chukua mauzo matatu tu. Doti mbili kwa shilingi 800 kila moja, doti sita kwa 750, na doti moja kwa 900. Mtoto wa darasa la nne atakwambia: 1,600, na 4,500, na 900, jumla 7,000. Fildi ya kukokotoa haifanyi hivyo. Yenyewe kwanza inajumlisha bei zote, 2,450. Kisha inajumlisha doti zote, 9. Kisha ndipo inazidisha: 22,050. Haiangalii mstari mmoja mmoja hata kidogo. Inakusanya kwanza, inapiga hesabu baadaye, na wala haikuonyi kwamba ndivyo ilivyofanya. Ukitaka jibu sahihi, rudi kwenye data yenyewe, weka safu ya mapato kwenye kila mstari, ndipo ukunje.

Kinachokera ni kwamba tabia hiyohiyo, siku nyingine, ndiyo inayokuokoa. Ami alipotaka kujua kwa wastani doti moja imemletea shilingi ngapi, njia sahihi ilikuwa kukusanya mapato yote na kuyagawa kwa doti zote: 7,000 kwa 9, karibu 778. Ukichukua zile bei tatu na kutafuta wastani wake utapata 817, na utakuwa umeipa ile doti moja ya 900 uzito sawa na doti sita za 750. Kwa kugawanya, kukusanya kwanza ni sawa. Kwa kuzidisha, ni balaa. (Niliacha chuo kabla hatujafika hapo kwenye takwimu. Kumbe ningeweza kufundishwa na muuza leso.)

Wakati huohuo nilikuwa na kazi nyingine ya kuandika, kuhusu ile posta ya zamani pale Ndia Kuu. Ni jengo la mwaka 1899, na simulizi ya Mji wa Kale inasema vibarua wa Kihindi wa reli walipanga foleni hapo kutuma barua na pesa kwao. Nilikuwa nasoma kuhusu hao vibarua nilipokutana tena na sentensi ambayo kila mtoto wa Mombasa ameisikia, kama si kwa mwalimu basi kwa mtembeza watalii: reli ya Uganda iliua watu wanne kwa kila maili.

Nilikuwa nimeisikia mara mia. Safari hii, na leso za Ami bado kichwani, nikaona kitu kimoja tu: hii ni fildi ya kukokotoa. Mtu alichukua jumla ya safu moja, akaigawa kwa jumla ya safu nyingine, na jibu likatoka kwenye karatasi na kuanza kutembea lenyewe.

Basi nikafungua laha mpya.

Hesabu ya mradi ni hii. Reli ya kwanza ililazwa Mombasa tarehe 30 Mei 1896. Ikavuka kutoka kisiwani Makupa kwa daraja la muda la mbao, ikafika Voi mwishoni mwa 1897, Nairobi tarehe 30 Mei 1899, na Ziwa Victoria, pale panapoitwa Kisumu leo, tarehe 20 Desemba 1901. Maili 582. Gharama ilikuwa kama pauni milioni 5.5. Katika kazi hiyo waliletwa wafanyakazi 31,983 kutoka India kwa mkataba wa miaka mitatu, rupia 15 kwa mwezi, pamoja na posho ya chakula na nauli ya kurudi. A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara wa Karachi, alikuwa mmoja wa waliopata kandarasi ya kuwaleta. Walishukia hapa, kisiwani.

Na walikwenda wapi? Waliorudi kwao mkataba ulipokwisha, 16,312. Waliorudishwa kwa ugonjwa au kulemaa, 6,454. Waliobaki Afrika Mashariki, 6,724. Waliokufa, 2,493.

Jumlisha. Nilijumlisha kwa kompyuta, kisha kwa kalamu kwa sababu siku hizo sikuwa na imani na kompyuta. Inatoka 31,983 kamili. Hakuna anayezidi, hakuna anayepungua. Sehemu nyingine utakuta wameandika wafu 2,498, na nambari hiyo imenakiliwa mpaka kwenye intaneti ikawa ndiyo maarufu zaidi. Lakini ukiiweka kwenye jedwali, hesabu inazidi kwa watu watano. Mahali fulani mtu alisoma 3 akaandika 8, au alikuwa na orodha nyingine. Vyovyote vile, 2,493 ndiyo inayofunga daftari. Nakiri nilikaa na hao watano jioni nzima, watu watano waliozaliwa na kufa kwa mkono wa karani.

Sasa fildi zenyewe. Wafu kugawa maili: 2,493 kwa 582, ni 4.28. Wafu kugawa walioletwa: karibu wanane katika kila mia. Ongeza wagonjwa na waliolemaa, na katika kila watu mia walioshuka kutoka melini, 28 walikufa au walirudishwa wakiwa si wazima tena. Hiyo ya mwisho inanishtua kuliko ile ya maili, lakini hakuna mtembeza watalii anayeisema. Maili inasikika vizuri zaidi. Unaweza kuiona: unakaa dirishani kwenye treni, unahesabu nguzo, mmoja, wawili, watatu, wanne, nguzo.

Ndipo tatizo la kwanza. Wastani huo unawalaza wafu sawasawa, kama mataruma ya reli, na hawakufa hivyo. Mvua kubwa za mwisho wa 1896 zilileta malaria pwani hapa hapa, kabla reli haijafika mbali, wakajaza hospitali. Nyika ya Taru haikuwa na maji. Yalibebwa kwa treni. Kuhara damu na vidonda vya miguu visivyopona vilikuwa na kambi zake na misimu yake. Fildi ya kukokotoa inakusanya kwanza. Voi na Kibwezi na Mau zote zinaingia kwenye gunia moja, na zikitoka humo kila maili ina wanne wake na robo.

Mahali pamoja tu ndipo palipokataa kulazwa sawasawa. Tsavo, kama maili 130 kutoka hapa. Kuanzia Machi hadi Desemba 1898 simba wawili walikuwa wakiingia kambini kwenye daraja la mto na kuchukua watu. Luteni Kanali J. H. Patterson, mhandisi wa daraja, alimuua wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29. Hesabu yake katika kitabu chake cha mwaka 1907 ilikuwa Wahindi 28. Baadaye akataja 135. Mwaka 1924 aliziuza ngozi kwa makumbusho ya Field, Chicago, na mwaka 2009 watafiti walipima kemia ya mifupa na manyoya ya wanyama wale, wakakadiria kwamba wawili hao walikula watu kama 35, mmoja wao akiwa amekula zaidi ya theluthi mbili. Filamu imetengenezwa. Chukua 28 uigawe kwa 2,493. Ni asilimia moja na chembe. Ulimwengu mzima unamjua yule mmoja katika mia aliyeliwa na simba. Wale tisini na tisa wengine waliuawa na maji machafu na mbu, na mbu hana makumbusho Chicago.

Lakini kuna jambo katika hesabu ya Patterson ambalo nilikuwa nimelipita nikisoma mara ya kwanza. Baada ya kuwataja wale Wahindi 28, anasema Waafrika wengi pia waliliwa, na kwamba wao hawakuwekewa kumbukumbu rasmi. Anasema tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha anaendelea na kisa.

Nilirudi kwenye laha yangu nikaitazama upya ile 4.28.

Maili 582 zilijengwa na nani? Waliofyeka msitu mbele ya reli, waliobeba maji, unga na vyuma kabla treni haijafika, waliochimba udongo: humo mlikuwa na Waswahili wa Mombasa, Wataita, Wakamba, Wanyamwezi, na wengine kadiri reli ilivyopanda bara. Chini ya mstari wa mgawanyo kuna maili za watu wote. Juu ya mstari kuna wafu wa kundi moja. Ukimkuta mwanafunzi amegawa hivyo kwenye mtihani utamwekea mkasi. Lakini hii imechapishwa vitabuni, na kila tunapoisema kwa huruma, ati tazama ukatili wa mkoloni, tunasaidia kuwafuta wengine.

Nikafanya jaribio la kijinga. Nikaongeza safu kwenye data, nikaiita Waafrika waliokufa, nikaiacha tupu. Kisha fildi mpya ya kukokotoa: safu hiyo kugawa maili. Jibu likaja mara moja, bila kusita.

0.00.

Kwa jedwali la pivoti, seli tupu ni sifuri. Halijui tofauti kati ya hakuna aliyekufa na hakuna aliyeandika. Na fildi ya kukokotoa ina sheria nyingine iliyonichekesha kwa uchungu: fomula yake haiwezi kunyoosha mkono nje ya jedwali. Fomula ya kawaida itachukua seli yoyote, laha yoyote. Hii inaruhusiwa safu zilizomo kwenye data yake tu. Kilichokosa safu hakiwezi hata kutajwa.

Basi swali linakuwa: safu hutoka wapi? Kwa nini Mhindi wa Punjab, aliyedharauliwa na kuitwa kuli, alipata mistari minne inayofunga mpaka mtu wa mwisho, na mtu wa Kuze hakupata hata mmoja?

Si kwa sababu Waingereza walimpenda Mhindi. Nadhani ni ile nauli. Mkataba ulisema atarudishwa kwao kwa gharama ya reli, kwa hivyo kila kichwa kilikuwa deni. Siku ya kufunga hesabu ilibidi mtu aonyeshe kila deni liliishaje: huyu tumemsafirisha, huyu tumemsafirisha mgonjwa, huyu amechagua kubaki, huyu hatutamsafirisha tena. Ndiyo safu zenyewe zile nne. Aliyekufa ameandikwa kwa sababu nauli yake imebaki mfukoni. Kibarua wa pwani aliajiriwa kwa muda mfupi, akalipwa, akaenda. Hakuna aliyemwahidi meli. Akifia Taru, hakuna hesabu inayobaki wazi.

Hapa Mombasa kuna mfano unaonifanya niamini hivyo. Wakati reli inajengwa, utumwa ulikuwa bado halali kwenye ukanda wa pwani, na kulikuwa na mabwana waliowakodisha watumwa wao kama wapagazi na vibarua, wakachukua sehemu ya mshahara. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1907. Na serikali ilipoifuta, ililipa fidia. Kwa nani? Kwa mabwana. Ghafla mtumwa wa Mombasa ana mstari, kwa kuwa kuna mtu anadai pesa kwa ajili yake. Mtu yuleyule, akibeba chuma cha reli mwaka 1897, hana safu. Miaka kumi baadaye, akiwa mali inayofidiwa, anayo.

Halafu kuna vile vigari vya kusukuma. Kabla ya reli kubwa, kampuni ya IBEA ilianza mwaka 1890 kulaza kireli chembamba, futi mbili tu upana, ikakipa jina kubwa la Reli ya Afrika ya Kati. Kilikwenda maili chache kikaishia hapo. Vyuma vyake vikaja kutumika kisiwani: Wazungu wakikaa juu ya kigari chenye kivuli, kutoka Mji wa Kale kwenda Kilindini, na Waafrika wakiwasukuma kwa mbio. Utaziona picha zake kwenye kadi za posta za zamani, zinauzwa hadi leo. Jina la abiria mara nyingine limeandikwa. Anayesukuma ni sehemu ya gari.

Siwezi kumlaumu aliyetengeneza kidude chenyewe. Wazo la kuigeuza-geuza data kwa safu lilitoka kwa Pito Salas na wenzake pale Lotus, kwenye programu ya Improv ya mwaka 1991, na Excel ikaja na jedwali lake la pivoti miaka michache baadaye. Ilikuwa rehema kwa makarani. Kazi iliyochukua wiki ya kuhamisha tarakimu daftari hadi daftari sasa inachukua muda wa kumeza kahawa. Ila yule karani wa zamani, akihamisha kwa mkono, alipita juu ya kila mstari angalau mara moja. Angeona pengo. Mimi sikuona hata kwamba nimemuuzia Ami leso za milioni kumi.

Nilichofanya mwisho ni hiki. Kwenye ile safu tupu nikaandika, kila mstari, #N/A, alama ambayo Excel huitumia kwa kitu kisichopatikana. Jedwali la pivoti linameza seli tupu kimyakimya, lakini kosa haliwezi kulimeza. Nilipolisasisha, lile kosa likapanda kutoka kwenye mistari hadi kwenye jumla ndogo, kutoka jumla ndogo hadi jumla kuu, na fildi ya kukokotoa nayo ikaharibika. Pale palipokuwa na 0.00 sasa pana alama ya kosa. Mhariri mmoja niliyemtumia aliniuliza kwa upole kama faili imekorupti.

Nikarudi dukani kwa Ami kumpelekea hesabu yake iliyorekebishwa. Si milioni kumi, lakini alitosheka nayo. Nikamwonyesha na hii ya reli, kwa kuwa simu ilikuwa wazi na wateja hawakuwepo. Akaitazama kwa muda.

"Babu yake mamangu alikwenda reli," akasema. "Hakupata kurudi."

"Aliitwa nani, Ami?"

Akalijua jina la baba yake huyo babu, na mtaa. La kwake mwenyewe akalitafuta, akalikosa, akampigia dadake Kibokoni, naye akaahidi kuuliza.

Hiyo ilikuwa Machi. Laha ya pili sasa ina mistari minne, yote kutoka baraza mbili za Mji wa Kale. Safu zake ni jina, kwao, kazi, alirudi. Mmoja alibeba maji. Mmoja alikuwa mpishi wa kambi. Kwenye safu ya alirudi kuna ndiyo mbili na hapana mbili. Mstari wa Ami bado hauna jina la kwanza. Dada mtu anasema kuna shangazi Lamu ambaye huenda analijua, ila simu yake haishiki mpaka jioni.